Vazi la Alpi ni la nani?

Kila msimu wa Oktoberfest, tamasha kubwa la bia, unapofika Munich, Ujerumani, kuna watu huuliza: mgeni akivaa dirndl, lile gauni la kike lenye aproni, au kaptura ya ngozi yenye kanda za mabegani, anaheshimu mila za watu wa milima ya Alpi au anazichezea? Kwangu mimi swali hilo linaanzia pabaya. Kabla ya kumkagua mvaaji ngozi yake na pasipoti yake, tuulize vazi lenyewe limeshonwa na nani, na vipi.

Chukua mshipi wa Sarntal, bonde lililo kaskazini mwa Bolzano, upande wa Italia ambako wenyeji huongea Kijerumani. Ni mshipi wa ngozi, mpana kiasi cha kufunika tumbo, na nakshi zake nyeupe ukiziona kwa mbali utadhani ni za uzi wa hariri. Kumbe ni unyoya wa tausi. Fundi huchukua manyoya marefu ya mkia, huyanyonyoa mpaka ubaki uti mtupu, kisha huuchana uti huo kwa kisu upate nyuzi nyembamba. Ngozi huchorwa ua au mnyama, hutobolewa kwa msharasi tundu baada ya tundu, na uzi hupitishwa taratibu mpaka ulale sawa na mwenzake. Mshipi uliojaa nakshi hula wiki nyingi. Mara nyingi hutiwa herufi za jina la mwenyewe pamoja na mwaka, maana utarithiwa. Sijui kazi nyingine ya mkono inayonistaajabisha kama hii.

Kaptura iliyo bora nayo ni ya ngozi ya kulungu, iliyolainishwa kwa mafuta ya samaki na kushonwa kwa mkono. Kadiri inavyovaliwa ndivyo inavyozidi kupendeza.

Sasa, wanaosema mavazi haya ni ya damu fulani tu wanapaswa kukumbushwa historia. Mwaka 1883, pale Bayrischzell, kijiji cha kusini mwa Ujerumani, vazi la wenyeji lilikuwa linakaribia kusahaulika hadi mwalimu Joseph Vogl alipoanzisha chama cha kulivaa na kulitunza. Lilihitaji kuokolewa kwa makusudi. Damu pekee haikutosha. Na dirndl iliyopendwa mijini ilitokana kwa sehemu kubwa na ndugu wawili Wayahudi, Julius na Moritz Wallach, wafanyabiashara wa Munich. Gwaride la mavazi ya asili lilipoandaliwa mwaka 1910, Oktoberfest ilipotimiza miaka 100, wao ndio waliolivisha.

Mwaka 1938, miezi michache baada ya Ujerumani ya Wanazi kuimeza Austria, polisi wa Salzburg, mji wa Austria, waliwapiga Wayahudi marufuku kuvaa mavazi ya Alpi: dirndl, kaptura za ngozi, hata soksi nyeupe na kofia za Tirol. Mwaka huohuo akina Wallach walinyang'anywa biashara yao. Moritz alikimbilia Marekani. Ndugu yao Max aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Watu waliolipendezesha vazi machoni pa ulimwengu waliambiwa si lao! Ndiyo sababu nikisikia mtu leo akigawa mavazi kwa kufuata nasaba, huwa sinyamazi.

Hatari ninayoiona mimi iko dukani. Kaptura nyingi za bei rahisi zinazouzwa kwa watalii hushonwa viwandani Asia Kusini, na dirndl nyingi ni za poliesta, za kuvaliwa siku mbili na kutupwa. Sina ugomvi na mshonaji wa Pakistani; naye anatafuta riziki, na pengine analipwa kiduchu. Kinachoniudhi ni mfanyabiashara anayebandika picha ya mlima kwenye lebo na kuliita vazi la asili, huku fundi wa bondeni akikosa wateja kwa sababu bei yake, iliyo halali kabisa, inaonekana ya kutisha.

Mwenye uwezo anunue kwa fundi na aulize jina lake. Asiye na uwezo atafute kuukuu lililoshonwa vizuri. Ngozi ya kulungu haizeeki upesi. Na akitokea kijana wa kigeni akaketi karakana ya Sarntal miaka kadhaa, akajua kuuchana uti wa tausi bila kuukata, basi kwangu huyo ni mrithi wa vazi lile kumpita mwenyeji wa poliesta, hata kama babu yake hakuwahi kuiona theluji.