Ruzuku za wakfu wa jamii kwa redio za umma Marekani: zitoke mfuko gani, na kwa masharti gani?

Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokwisha kupitishwa kwa ajili ya Corporation for Public Broadcasting, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili kupeleka fedha za serikali kuu kwenye redio na televisheni za umma. Zilikuwa fedha za miaka miwili ya bajeti. Tangu hapo mameneja wa vituo wanabisha hodi kwenye mlango uleule uliozoewa na asasi za chakula, makazi na malezi ya watoto, yaani wakfu wa jamii.

Wakfu wa aina hii hukusanya michango ya watu wa eneo moja, huiwekeza, kisha hugawa sehemu ndogo kila mwaka. Wa kwanza ulianzishwa Cleveland mwaka 1914 na Frederick Goff, mwanabenki aliyeona wosia za zamani zimefungia fedha kwenye mahitaji ambayo hayapo tena. Kwa mbali, wakfu wenye dola milioni 40 unaonekana tajiri. Ukifungua vitabu vyake, picha hubadilika. Tuseme milioni 30 zimo kwenye mifuko ambayo mchangiaji mwenyewe hupendekeza nani apewe, au zimefungwa kwa kusudi maalumu kama ufadhili wa wanafunzi. Zinabaki milioni 10 ambazo bodi ina uhuru nazo. Kwa kiwango cha asilimia 4.5, hizo huzaa dola 450,000 za kugawa kwa mwaka. Kituo kilichopoteza dola 200,000 kikifidiwa chote, karibu nusu ya kapu imekwenda, na asasi nyingine zote zigombee kilichobaki.

Ndiyo maana wanaopinga redio kupewa fedha za wakfu wana hoja nzito. Asasi ya kugawa chakula ikikosa ruzuku, foleni hurudishwa nyumbani siku hiyohiyo. Redio ina wasikilizaji wanaoweza kuombwa wachangie kila mwezi, na mara nyingi wana kipato kikubwa kuliko wanaosimama kwenye foleni ile. Tena gharama za kituo hazina mwisho: umeme wa mtambo wa kurushia, kodi ya mnara, mafundi, leseni za muziki. Mengine, kama leseni hizo za muziki na mtandao wa setilaiti, shirika lile lilikuwa likiyashughulikia kwa niaba ya vituo vyote. Sasa kila kituo kinakuta bili ambayo zamani hakikuwahi kuiona. Wakfu ukiingia hapo bila kuweka tarehe ya kutoka, hautoki.

Lakini hoja ya kwamba wasikilizaji wachangie ina kikomo, na kikomo chenyewe ni cha hesabu tu. Kuziba dola 200,000 kwa wanachama wanaotoa dola 10 kwa mwezi kunahitaji wanachama wapya 1,667. Mji mkubwa utawapata. Redio ya KYUK iko Bethel, Alaska, mji wa watu elfu sita na ushei, ikitangaza kwa Kiyup'ik, lugha ya wenyeji wa huko, na kwa Kiingereza kwa vijiji ambavyo havifikiwi kwa barabara. Itawatoa wapi? Oktoba 2025, mabaki ya kimbunga Halong yalipobomoa nyumba kwenye vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, matangazo ya aina hiyo ndiyo yaliyokuwa yakihitajika. Na hapa ndipo penye tatizo ambalo pande zote mbili hulipita haraka: fedha za wakfu hukaa palipokaa matajiri waliozichanga. Kituo chenye shida zaidi aghalabu kiko mahali ambapo wakfu ni mdogo au haupo kabisa, kwa hiyo wakfu wa ngazi ya jimbo ndio unaopaswa kutangulia.

Msimamo wetu ni kwamba vituo vipewe, ila si kutoka kwenye kapu la ushindani, yaani zile fedha ambazo bodi ina uhuru nazo. Wakfu uwafuate wachangiaji wenye mifuko ambayo wao wenyewe hupendekeza nani apewe, uwapigie simu mmoja mmoja, uwaonyeshe hesabu za kituo, na uahidi kuongeza kiasi kidogo juu ya chao. Ruzuku iwe ya miaka mitatu inayoshuka, kwa mfano 100,000, kisha 70,000, kisha 40,000, na kila awamu itolewe baada ya kuona orodha ya wachangiaji wa kila mwezi inakua. Kisheria kuna faida pia. Katika kipimo cha kodi cha kuthibitisha kwamba asasi inategemezwa na umma, mchango wa tajiri mmoja huhesabiwa hadi asilimia 2 tu ya mapato yanayopimwa, ilhali ruzuku ya wakfu wa jamii kwa kawaida huhesabiwa yote.

Fedha hizo ziwe za uendeshaji, si za mradi. Wafadhili hupenda kusema wamelipia mwandishi wa habari za afya. Andiko la kuomba ruzuku linaonyesha mshahara wa dola 60,000, ruzuku inatoka dola 60,000, kila mtu anafurahi. Kodi ya mwajiri kwa hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee) ni asilimia 7.65, yaani dola 4,590, na hazimo. Bima ya afya haimo. Muda wa mhariri anayesoma kazi ya mwandishi huyo haumo. Kituo kimepata ruzuku na papo hapo kimeongeza nakisi, na mwaka wa pili ukiisha mwandishi anaachishwa kazi wakati ndiyo kwanza ameanza kuaminiwa na watu wa hospitalini.

Linabaki suala la mkono wa mfadhili. Katika bodi za wakfu nyingi wamo wajenzi wa majumba, wakurugenzi wa hospitali, wanasheria wakubwa wa mji, watu walewale ambao habari za eneo zinawahusu. Mkataba useme wazi kwamba mfadhili haoni habari kabla haijatoka, hapendekezi wala hazuii mada, na jina lake litatajwa hewani kila habari inapomgusa. Ripoti iwe moja kwa mwaka, kurasa mbili, pamoja na hesabu zilizokaguliwa ambazo kituo kinazo tayari. Bodi ikikataa kifungu cha uhariri, kituo kiondoe andiko lake hata kama akiba imebaki ya miezi miwili.