Mgeni akae, asipite tu

Nimesoma habari ya kijana aliyeacha kazi, akazunguka dunia mwaka mzima, na sasa anajitolea kufundisha hapa Jinja, Uganda, huku akijitafuta. Sina kinyongo naye. Mtu kutoka kwao akaone dunia ni jambo jema, na hapa Nile inapotoka Ziwa Victoria tumezoea wageni.

Lakini mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Tumepokea wageni wa wiki mbili mbili. Watoto wanamzoea mgeni, wanamlilia akipanda boda kwenda stendi, halafu anakuja mwingine na kuanza upya na herufi zile zile. Kuna binti aliyekuwa akiniuliza kila Jumatatu kama yule dada atarudi. Sikuwa na la kumjibu, na bado linaniuma.

Wale wa Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani la watu wa kujitolea, hujifunza lugha kwanza, kisha hukaa miaka miwili. Sisi tulimpata mmoja tu wa kukaa mwaka. Alijifunza Lusoga, akala posho na maharage pamoja nasi, na hakushika chaki hadi muhula wa pili. Alikuwa akipanga maktaba na kutufundisha sisi walimu kompyuta. Alipoondoka, kazi ilibaki mikononi mwetu.

Na vituo vya yatima jamani! Watoto wengi humo wana mzazi au ndugu aliye hai. Pesa anazolipa mgeni kwenda kuwabeba siku kumi zingemlipia mtoto karo akiwa kwa bibi yake.