Kisu hakisambazi uvimbe, tuacheni kuwatisha wazazi

Jana kwenye hitma huko Wete mtu mzima mmoja, nnaemheshimu sana, kamwambia mama aliyempakata mtoto: "Mwanangu, uvimbe hauguswi na kisu, ukiguswa unatambaa mwili mzima." Mama wa watu akamvuta mwanawe akamfunika kanga hadi shingoni na joto lote lile. Pilau ilinishinda wallahi.

Maana maneno hayo hayo ndo yaliyotupotezea miezi saba sie. Mtoto wa dada yangu alitoka kinundu ubavuni, chini kidogo ya kwapa, akiwa na miezi minane, kilaini, ukikibonyeza anacheka tu. Kwa vile hakimuumi tukasema mafuta hayo, mtoto mnene. Kikawa kama limau, kikaja kama embe, huyu analeta kombe, yale maji ya aya za Qur'ani ya kunywa, yule anasema jicho, bibi mmoja akataka amuumike kabisa. Kwenye kombe sina ugomvi, dua ni dua na sote tulisoma. Ugomvi wangu ni na anaekwambia usende hospitali. Na baba yake yuko Muscat, basi asubiriwe yeye aseme ndio.

Mwisho tukavuka Dar. Ultrasaundi, siti skani, operesheni, na nyama yenyewe ikapelekwa maabara. Jibu likaja lipoblastoma. Ni mafuta ya kichanga, yale ya tangu mtoto yumo tumboni, yanaendelea kukua pahala pamoja badala ya kupevuka. Ni nadra, na wengi wanaopata hawajafika miaka 3. Sio saratani, uvimbe huu hauendi kwenye ini wala kwenye mapafu kuzaa mwengine. Lakini unakua haraka na unasukuma, na wa kwetu ulishaanza kujipenyeza baina ya mbavu kuingia ndani, kwa hiyo kazi ambayo ingekuwa ya juu juu ikawa kubwa kwa ajili ya ile miezi saba tu. Daktari alitwambia mtoto anaekua ukimtoa mbavu uti wa mgongo unaweza kupinda, ndo maana walihangaika sana wasiziguse.

Nimekaa nikafikiri hii kauli ya kisu imetoka wapi. Nahisi watu wameona kweli uvimbe umekatwa ukarudi. Lipoblastoma hurudi, nakubali, lakini hurudi pale pale ulipokuwa, na mara nyingi ni kwa sababu kuna kipande kilibaki, ndo maana mtoto huangaliwa miaka kadhaa baada ya operesheni. Dawa yake ni kuutoa wote, na kuutoa wote ni rahisi ukiwa mdogo. Halafu kuna wale watu wazima wenye saratani wanaofika hospitali wamechelewa, wanapasuliwa, wanafariki, tunarudi nyumbani tunasema kisu kimemuua. Tukishasema hivyo mtoto wa mwenzetu nae anafichwa ndani.

Haya, na nikubali jengine: zipo vimbe za kifua ambazo hazikimbiliwi kukatwa. Ile nyekundu ya mishipa ya damu wanayoipata watoto wachanga, tokea 2008 madaktari wa Ufaransa walipogundua propranolol inaisinyaza, wengi hupona kwa dawa ya kunywa. Na kuna ile inayotokea kwenye ubavu wa mtoto mchanga, hamatoma wanaiita, isipombana pumzi saa nyengine huangaliwa tu. Lakini anaesema usikatwe huyo keshaiona picha ya ndani, keshajua ni nini. Mie na wewe kwenye hitma tumeona kanga tu.

Mtoto wetu sasa ana miaka minne, anaogelea Mkoani na ndugu zake, kovu lake liko ubavuni hata halishughulikii.

Nilimfata yule mama mpaka barazani wakati anavaa viatu, nikamwelezea yote haya, nikamwonesha na picha ya kovu. Akaniuliza kitu kimoja tu, kama mtoto alilia sana alipoamka kwenye nusu kaputi. Nkamwambia alilia, akanyonya, akalala. Kanambia atazungumza na mumewe. Jumatatu nampigia.