Kukariri au kuelewa? Ugomvi unaolikwepa tatizo

Wanaopinga kukariri husema mwanafunzi anayekariri ni kasuku: siku ya mtihani anatema alicholishwa, wiki inayofuata hana kitu. Wanaotetea kukariri hujibu kwamba kichwa kitupu hakina cha kufikiria. Kila upande una hoja nzito, na nitazipima zote. Lakini kinachoniuma ni kwamba, huku ugomvi ukiendelea, mwanafunzi anaachwa apoteze saa zake kwa mtindo wa kusoma ambao hauwafai hao wala hawa.

Watetezi wa kukariri wanasimama juu ya jambo la kweli. Sehemu ya akili inayoshika mambo ya papo hapo ni finyu mno. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliikadiria kuwa inabeba vitu saba, vikizidi au kupungua viwili. Watafiti wa baadaye wameshusha hesabu hiyo hadi karibu vinne. Mwanafunzi asiyejua saba mara nane ni ngapi, akikutana na mlinganyo wa aljebra, nafasi yake yote inamezwa na kuzidisha, na mantiki ya mlinganyo inakosa pa kukaa. Aliyekwisha kukariri jedwali anabaki na nafasi ya kufikiri. Kwake, kukariri kumemfungulia mlango wa kuelewa.

Upande wa pili nao una ushahidi. Mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1885, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba usahaulifu huja kwa kasi katika saa za mwanzo, kisha hupungua mwendo. Alipogeukia beti za shairi, zenye maana na mpangilio, alihitaji takriban sehemu moja tu ya kumi ya juhudi aliyoitumia kwa silabi. Vivyo hivyo kwa mabingwa wa sataranji: katika jaribio la mwaka 1973 la watafiti Chase na Simon, bingwa alitazama ubao kwa sekunde tano tu akaweza kurudisha kete nyingi zaidi mahali pake kuliko anayeanza kujifunza. Kete zilipopangwa ovyo, ubora wake ukakaribia kutoweka. Bingwa alishika kwa sababu aliona maana.

Sasa mtazame mwanafunzi mwenyewe. Anasoma sura, anaipaka rangi, anairudia mara ya tatu, anafunga kitabu akiwa ameridhika. Je, amekariri au ameelewa? Mara nyingi hajafanya lolote kati ya hayo. Amezoea tu mwonekano wa ukurasa, na mazoea hayo anayachukulia kuwa ujuzi.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima jambo hili. Kundi moja la wanafunzi lilipewa vipindi vinne vya kusoma kifungu cha habari. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu likaandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walibaki na asilimia 40, waliojipima wakabaki na 61. Tena waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka.

Nimeyatafakari sana matokeo hayo, kwa sababu yanamtetea pia yule tunayemlaumu. Anayekesha akisoma usiku wa kuamkia mtihani si mjinga. Kwa muda mfupi, mtindo wake unalipa, na mtihani wa kesho asubuhi haumuulizi atakumbuka nini mwezi ujao. Tukimlaumu yeye na kuacha ratiba inayomzawadia, hatumtendei haki. Hasara yake inakuja baadaye, somo la mwaka wa pili linapojengwa juu ya lile la mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo naegemea kujipima: funga kitabu, andika unachokumbuka, fungua uone mapengo, kisha rudia baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki. Njia hii inachosha na inavunja moyo mwanzoni, kwani kila jaribio linamwonyesha mtu asichokijua. Kule kuhangaika kulitafuta jibu ndiko kunakolikaza. Usingizi nao usikatwe, maana ubongo huendelea kuimarisha ya mchana wakati tumelala.

Hata hivyo njia hii ina mpaka, na wanaoishabikia hawausemi vya kutosha. Mwanafunzi ambaye hakuelewa chochote darasani hana cha kukumbuka. Kumwambia ajipime ni kumtesa. Huyo anahitaji kwanza mtu wa kukaa naye, amtatulie mfano mmoja hatua kwa hatua, kisha wa pili wautatue pamoja. Karatasi tupu ingoje hadi mfano wa tatu.