Pointi 70 na kombe moja: kuupima msimu wa Hibernian wa 2015–16

Tarehe 21 Mei 2016, uwanja wa Hampden, Glasgow, fainali ya Kombe la Uskoti. Zimebaki dakika kumi na Hibernian, klabu ya Edinburgh inayoitwa Hibs kwa kifupi, wako nyuma, Rangers 2, Hibs 1. Liam Henderson anapiga kona, Anthony Stokes anaruka juu ya mabeki, inakuwa 2-2. Dakika ya 92 Henderson anapiga kona nyingine, na safari hii anayepaa ni nahodha David Gray, beki wa kulia. Kichwa, wavuni, 3-2. Mara ya mwisho Hibs kulichukua kombe hilo ilikuwa mwaka 1902. Miaka 114.

Sasa rudi nyuma siku nane tu. Ijumaa ya tarehe 13 Mei, wachezaji wale wale wako mjini Falkirk kwenye nusu fainali ya mchujo wa kupanda daraja. Mechi ya kwanza Edinburgh iliisha 2-2. Ya pili nayo iko 2-2 na dakika 90 zimekwisha, ndipo Bob McHugh anawafungia Falkirk la tatu. Hibs wametolewa. Watacheza daraja la pili kwa mwaka wa tatu mfululizo.

Tangu siku hizo mbili, wanaolifuatilia soka la Uskoti hawajakubaliana: ule ulikuwa msimu mzuri au mbaya? Wapo wanaosema kombe limefuta kila kitu. Wapo wanaosema klabu ya ukubwa ule haina haki ya kusherehekea ikiwa bado imekwama chini. Nimezisikia hoja za pande zote mbili, na naona kila upande umeacha kitu nje ya mizani.

Nianze na wanaolaumu, kwa sababu hoja zao ni nzito kuliko mashabiki wa Hibs wanavyopenda kukiri.

Hibs walishuka daraja mwaka 2014 kwa namna ya kuumiza. Walishinda 2-0 ugenini dhidi ya Hamilton Academical, wakafungwa 2-0 nyumbani, wakapoteza kwa mikwaju ya penalti. Alan Stubbs akaajiriwa mwezi Juni mwaka ule kwa kazi moja inayoeleweka: kurudisha timu juu. Msimu wa kwanza alishika nafasi ya pili akatolewa na Rangers kwenye mchujo. Msimu wa pili, huu tunaoupima, akashuka hadi ya tatu. Rangers walikuwa mabingwa kwa pointi 81. Falkirk na Hibs walilingana kwa pointi 70, Falkirk wakapita kwa tofauti ya mabao.

Hiyo tofauti ya mabao iligharimu. Katika daraja la pili la Uskoti anayepanda moja kwa moja ni bingwa peke yake. Wa tatu na wa nne wanaanza kuchujana, mshindi anakutana na wa pili, na atakayebaki anapambana na timu ya pili kutoka mkiani ya ligi kuu. Kwa kushika nafasi ya tatu, Hibs walijiongezea mechi mbili dhidi ya Raith Rovers, wakafungwa ya kwanza 1-0 na kushinda ya pili 2-0, kabla hata ya kuwaona Falkirk. Hayo yote mwezi Mei, miguu ikiwa imeshacheza karibu mechi 50.

Halafu kuna suala la mabao ya mwisho. Tarehe 13 Machi walikuwa Hampden kwenye fainali nyingine, ile ya Kombe la Ligi, dhidi ya Ross County. Klabu hiyo inatoka Dingwall, mji mdogo kaskazini kabisa, na ilikuwa haijawahi kuchukua kombe kubwa. Matokeo yakiwa 1-1 dakika ya 90, Alex Schalk akafunga. Kombe likaenda Dingwall. Miezi miwili baadaye McHugh akafanya yale yale. Wapinzani walikuwa wameshaligeuza jina la klabu kuwa kitenzi, kwa maana ya kuharibu mambo pale mlangoni, na timu ikawa inawapa mifano mipya kila baada ya wiki chache.

Hoja yao ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Tazama waliotengeneza mabao ya Hampden. Stokes, aliyefunga mawili, alikuwa wa mkopo kutoka Celtic tangu Januari. Henderson, aliyepiga kona zote mbili, naye alikuwa wa mkopo kutoka Celtic. Huyu alifika kiangazi cha 2015 katika makubaliano ya kumuuza kiungo Scott Allan, ambaye Rangers walimtaka kwa udi na uvumba na Hibs wakakataa kumpa mpinzani wa ligi ile ile. Kwa hiyo mlaumu anasema: kombe la miaka 114 lililetwa na miguu ya kuazima, na kesho yake wenyewe wanarudishwa kwao. Hapo umejenga nini?

Haya, twende upande wa pili.

Anayesema kombe ni kombe tu hawajui Hibs. Hii ni klabu iliyoanzishwa mwaka 1875 na wahamiaji wa Kiairishi wa Edinburgh, ikajikita katika uwanja wa Easter Road, jirani na bandari ya Leith. Ilichukua ubingwa wa ligi mwaka 1903, 1948, 1951 na 1952. Mwaka 1955 ilikuwa klabu ya kwanza ya Uingereza yote, Uskoti ikiwemo, kushiriki Kombe la Ulaya la mabingwa, ikafika nusu fainali. Kile kikosi cha baada ya vita, ambacho wazee wa Leith wanakitaja hadi leo, kilishinda ligi mara tatu lakini Kombe la Uskoti kilishindwa. Kati ya 1902 na 2016 Hibs walicheza fainali kumi na kupoteza zote kumi. Mwaka 2012 walifungwa 5-1 na Hearts, watani wao wa jadi wa mji ule ule. Mwaka uliofuata wakafungwa 3-0 na Celtic, ile Celtic ya Victor Wanyama ambayo wengi wetu Afrika Mashariki ndiyo iliyotufanya tuanze kuangalia ligi ya Uskoti.

Mtu alizaliwa, akawa shabiki, akazaa, akawapeleka wanawe uwanjani, akazikwa, bila kuliona. Familia za namna hiyo ni nyingi Leith. Walipoandamana siku ya pili na kombe juu ya basi, makumi ya maelfu ya watu walijaa barabarani, na wengine walibeba picha za marehemu wao. Siwezi kuiweka furaha hiyo kwenye jedwali na kusema ni sawa na pointi kadhaa.

Njia waliyopita nayo haikuwa ya mteremko. Raundi ya tano walikuwa Tynecastle, nyumbani kwa Hearts, nyuma 2-0, wakasawazisha kwa bao la Paul Hanlon dakika 90 zikiwa zimekwisha, kisha wakashinda marudiano 1-0 kwa bao la Jason Cummings. Robo fainali walitoka sare na Inverness, waliokuwa wakilitetea kombe lenyewe, wakaenda kuwafunga kwao 2-1, mabao yote ya Stokes. Nusu fainali dhidi ya Dundee United ilikuwa maumivu matupu. Cummings alipata penalti ndani ya muda wa kawaida, akajaribu kuuchota mpira kiulaini katikati ya goli, ukapaa juu ya mwamba. Mechi ikaisha 0-0. Kwenye mikwaju ya penalti kipa Conrad Logan, aliyekuwa akiidakia Hibs kwa mara ya kwanza siku hiyo baada ya kukaa nje zaidi ya mwaka kwa jeraha, akaokoa miwili, na Cummings huyo huyo akapiga wa ushindi. Nilimpenda kijana yule kwa kukubali kurudi pale kwenye nukta.

Na Kombe la Ligi je? Kabla ya kufika kwa Ross County, Hibs waliwatoa Aberdeen, Dundee United na St Johnstone. Yaani timu ya daraja la pili ndani ya msimu mmoja iliwatupa nje Aberdeen walioshika nafasi ya pili ligi kuu na Hearts walioshika ya tatu, halafu ikashindwa kuwapita Falkirk.

Mkanganyiko huo ndio unaofanya watu wengi waseme makombe yaliila ligi: mechi zilikuwa nyingi, akili ikagawanyika, wakafukuza sungura wawili. Ni maelezo mepesi kuyaamini. Mimi siyaamini, na sababu yangu ni hesabu.

Msimu wa 2014–15, ambao hawakufika fainali yoyote, Hibs walipata pointi 70. Msimu wa 2015–16, wenye fainali mbili, pointi 70. Msimu wa 2016–17, pointi 71. Miaka mitatu, makocha wawili, ni timu ile ile kwenye ligi. Kilichobadilika ni majirani. Mwaka wa kwanza Hearts walikuwa daraja hilo baada ya kushuka kwa kukatwa pointi 15 kutokana na madeni, wakamaliza na pointi 91. Rangers nao walikuwemo, wakipanda ngazi kutoka daraja la nne walikoanzia upya baada ya kampuni yao kufilisika mwaka 2012, na mwaka wa pili wakachukua ubingwa kwa 81. Mwaka wa tatu wote wawili walikuwa wameshaondoka. Hibs ya Neil Lennon ikawa bingwa kwa pointi 71, Falkirk wa pili wakiwa na 60. Pointi moja tu zaidi ya zile zilizomwachia Stubbs nafasi ya tatu.

Kama makombe yangeila ligi, tungeona shimo katikati ya namba hizo. Halipo. Hibs walikuwa timu ya pointi 70, wawe na fainali au wasiwe nayo.

Lakini hapo hapo nitawageukia mashabiki wanaoshangilia hesabu hii kama utetezi. Kubaki palepale kwenye 70 baada ya mwaka mzima wa kujenga, ukiwa na John McGinn katikati ya uwanja, ni lawama kwa kocha. Kijana huyo alisajiliwa kutoka St Mirren kiangazi cha 2015, na hakuna aliyekuwa na mtu kama yeye pale Falkirk wala Raith. Maoni yangu ni kwamba Stubbs alijenga timu inayopenda nafasi. Ikikutana na wapinzani wanaotaka kucheza, Hearts, Aberdeen, hata Rangers, viungo wake walitamba. Ikikutana na timu ya kubanana, ya mipira mirefu na kugombania kila mpira usio na mwenyewe, ilichoka kabla ya filimbi. Mchujo wa Uskoti unachezwa kwa mtindo huo wa pili, na kocha alikuwa na miaka miwili ya kulijua hilo.

Fainali nayo ina doa ambalo haifai kulinyamazia. Filimbi ya mwisho ilipolia, maelfu waliruka uzio na kuingia uwanjani. Wengi walikuja kulia na kukumbatiana, lakini wapo waliowaendea wachezaji na mashabiki wa Rangers, na wapo wa upande wa pili waliojibu. Nyasi zilikatwa, goli likavunjwa, na shirikisho la soka likaagiza uchunguzi huru. Rangers hawakurudi kupokea medali. Kungojea miaka 114 kunaeleza kwa nini watu waliingia uwanjani. Hakuelezi ngumi.

Na ile hoja ya miguu ya kuazima? Kwa mwaka mmoja ilionekana ya kweli. Kombe liliwapa tiketi ya mchujo wa Ligi ya Europa mwezi Julai, wakafungwa 1-0 nyumbani na Brøndby ya Denmark, wakashinda 1-0 kule kwao kwa bao la Gray, wakatolewa kwa penalti. Safari ikaishia hapo. Ila ukiangalia mbali kidogo, klabu iliyopanda mwaka 2017 ilimaliza ya nne ligi kuu mwaka 2018, na McGinn akauzwa Aston Villa, ambako baadaye alikuja kuwa nahodha. Gray, aliyefunga lile bao na ambaye Leith wanamwita Sir David ingawa hakuna mfalme aliyempa cheo hicho, alikuja kuwa kocha, na msimu wa 2024–25 aliiongoza Hibs kushika nafasi ya tatu. Siwezi kuthibitisha kwamba kombe ndilo lililoleta yote haya. Ninachoweza kusema ni kwamba kukosa kupanda mwaka 2016 kuliwachelewesha miezi kumi na miwili, na baada ya hapo deni lile likalipwa. Nafasi ya kuongoza fainali ya Kombe la Uskoti dakika ya 92 ilikuwa haijawahi kuwajia tangu 1902, na hakuna aliyejua kama ingerudi.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua, nachagua kombe, kwa Hibs hasa. Kwa Falkirk au Raith Rovers ningefikiri upya. Stubbs aliondoka mwezi Juni kwenda Rotherham huko Uingereza, siku chache tu baada ya Hampden. Kazi aliyoajiriwa kuifanya hakuimaliza, akamwachia Lennon. Aliyoifanya ni ile iliyowashinda makocha wote waliomtangulia Easter Road kwa zaidi ya karne.