Kilomita 140 kwa saa si kipimo cha kumchagua mrushaji

Eti mrushaji asiyefikisha kilomita 140 kwa saa asifikiriwe kabisa kwenye timu ya taifa ya kriketi? Hapo mwandishi wa makala inayodai hivyo amekosea. Shoaib Akhtar wa Pakistan alifikisha 161.3 kwenye Kombe la Dunia la 2003, na kasi ile ilitisha kweli, lakini majeraha yalimweka nje mara nyingi, akamaliza na wiketi 178 (yaani wapigaji aliowatoa) za mechi za Test, zile za siku hadi tano. Glenn McGrath wa Australia, ambaye kasi haikuwa silaha yake kuu, alipata 563 kwa kulenga palepale, mpira baada ya mpira, mpaka mpigaji anaishiwa subira. James Anderson wa Uingereza naye alifika 704 akiwa na miaka 41, kwa kuupinda mpira pande zote mbili. Mimi nimewakabili wa aina zote kwenye mechi za klabu: wa kasi tupu unamzoea baada ya ova mbili tatu (ova moja ni mipira sita), ila huyu ambaye mpira wake unapinda karibu kabisa na gongo humzoei. Kasi ni nzuri, nani asiyeipenda, lakini atakayeweza kurusha jioni ya siku ya nne miguu ikiwa imechoka ni nani? Nyie mngemchukua yupi?