Mtwara Tusianze na Lori

Mjadala wa taka ukianza hapa Mtwara, haupiti muda mtu ameshataja lori. Linunuliwe jipya, liwe kubwa, lipite kila nyumba. Kwangu mimi hapo tunaanzia mkiani. Kabla ya lori tujiulize taka za kurejelezwa zinatoka nyumbani zikiwa na hali gani, na nani atazinunua.

Marekani, miji mingi ilichagua pipa moja: karatasi, makopo, plastiki na vioo humo humo, lori linapita mara moja na mitambo inachambua mbele ya safari. Mwenye nyumba hapati taabu na gharama ya njiani inapungua. Lakini vioo vinavunjika na kuingia kwenye karatasi, mabaki ya chakula yanalowesha maboksi. China, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa taka hizo, ilipokaza masharti mwaka 2018 na kutaka uchafu usizidi asilimia 0.5 ya mzigo, miji iliyozoea kuhesabu tani ikabaki na marobota yasiyo na mnunuzi.

Huku kwetu pipa moja litakuwa baya zaidi, kwa sababu taka zetu nyingi ni za jikoni. Changanya chupa na maboksi na utumbo wa samaki, maganda ya mihogo na mabibo, uache juani siku tatu, halafu mwambie mtu achambue. Wapo wanaofanya kazi hiyo kila siku, vijana na kina mama wenye viroba, na inaniuma kuona wanainama jalalani kutafuta kitu ambacho jana kilikuwa safi mezani kwetu.

Halafu kuna umbo la mji. Mtwara ulichorwa enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa matarajio ya mji mkubwa wa bandari. Karanga zikashindwa, tukabaki na barabara pana na mitaa iliyoachana. Lori likitoka Shangani mpaka Mikindani linakula dizeli nyingi, na likifika Mikindani ya zamani vichochoro haliingii. Na chupa tupu za maji ni hewa tu. Lori litaonekana limejaa, ukipeleka kwenye mizani hakuna kitu.

Ninachopendekeza ni viroba viwili kila nyumba. Kibichi kichukuliwe na gari la halmashauri, tena mara kwa mara, maana joto letu halisubiri. Kikavu kichukuliwe na wenye maguta, kila mtaa na siku yake, wakiwa na mizani mkononi. Wapime mlangoni, mwenye nyumba apate chochote au apunguziwe ada ya taka. Kila kata iwe na banda la kukusanyia lenye paa, kwa sababu boksi lililolowa na mvua za masika haliuziki.

Najua jibu litakalokuja: watu wetu hawatatenganisha. Mbona chupa ya soda ya kioo huikuti jalalani? Ina kreti na ina pesa yake, kwa hiyo hata mtoto anaijua njia ya kurudi dukani. Na mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, tulirudi kwenye vikapu. Ugumu ninaouona mimi uko kwenye nyumba za kupanga, vyumba sita ua mmoja, ambapo kiroba cha wote ni kiroba cha hakuna. Pale wapangaji wamchague mmoja wa kukitunza, na malipo ya mizani yawe yake.

Halmashauri ijaribu kwanza kata mbili zisizofanana, tuseme Shangani na Magomeni, na masika yawe ndani ya jaribio. Kisha zihesabiwe kilo ambazo mnunuzi amezikubali na kuzilipia. Zilizopakiwa tu zisihesabiwe. Wanunuzi wakubwa wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwenye barabara ambayo Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata kule Somanga. Nauli hiyo haibebwi na mzigo mchafu. Wenye maguta waitwe kwenye kikao cha kupanga jaribio hilo, kabla bei ya kilo haijaamuliwa, maana wao ndio wanaojua mnunuzi hukataa nini.